Edward Weston: aliacha meda, akatafuta mwili wa kweli

Kwetu foto ya mtu uchi inaamsha maneno mara moja: wengine wanasema ni haya, wengine wanasema ni sanaa. Mbele ya kukata neno, tuangalie maisha ya Edward Weston, mupiga foto wa Marekani, mwenye alitafuta jibu maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 24 mwezi wa tatu 1886 ku Highland Park, karibu na Chicago. Mama yake alikufa wakati yeye alikuwa na miaka 5 tu. Alipofikisha miaka 16, baba yake akamupatia kamera ndogo ya Kodak. Njo ile kamera ilimuiba moyo. Mu 1906 akahamia California, akapita nyumba ku nyumba akipiga foto za watoto, za wanyama wa nyumbani, hata za mazishi. Mu 1909 akaoa Flora Chandler, wakazaa watoto wanaume ine.

Mu 1911 akafungua studio yake ku Tropico. Wakati ule, foto yenye kusifiwa ilikuwa ile yenye ukungu, sawa mchoro wa rangi. Weston alijua ile kazi vizuri sana. Alipeleka foto ku mashindano na maonyesho, meda zikafuatana. Mu 1917, Salon ya London ikamuchagua kuwa memba. Mupiga foto gani hangetosheka na heshima ya namna ile?

Yeye hakutosheka. Aliona majaji wanapenda kile wamezoea. Mu 1922 akapiga foto za kiwanda cha chuma ku Ohio: mabomba makubwa, waziwazi, bila ukungu. Mwaka uliofuata akaenda Mexico pamoja na Tina Modotti na mutoto wake wa kwanza. Bibi yake na watoto watatu wakabaki nyuma. Tusifiche: ile sanaa iliomba bei, na watu wa nyumba yake walilipa sehemu kubwa.

Aliporudi California, alianza kupiga vitu vya kila siku: makombe ya bahari, kabeji, pilipili. Pilipili yake yenye kujulikana zaidi, ya 1930, aliiweka ndani ya mufuniko wa bati wa kumiminia. Ukiiangalia, unazania ni mgongo wa mtu. Na ukiangalia foto zake za watu uchi, unaona mistari na vivuli sawa vya kombe la bahari. Kwake, mwili haukuwa kitu cha kuuzisha tamaa. Ulikuwa umbo, ngozi na mwangaza. Mu 1932, yeye na wenzake wakaunda kundi la f/64, jina la tundu dogo sana la lensi, lenye kufanya kila kitu kionekane wazi.

Mu 1934 akakutana na Charis Wilson. Mu 1936 akamupiga foto uchi, amekaa chini, kichwa kimeinama juu ya goti. Ile foto imezunguka dunia. Lakini Weston hakupenda kivuli kimoja ku mkono wa kuume, na Charis hakupenda ginsi nywele zake zilivyogawanywa. Wenye kazi wenyewe hawakuona kamilifu kile dunia iliona kamilifu.

Mu 1937 akapata musaada wa Guggenheim, dola 2000. Alikuwa mupiga foto wa kwanza kuupata. Charis aliendesha gari na kuandika, yeye akapiga foto. Wakaoana mu 1939, wakaachana mu 1946. Mwaka uleule wa 1946, musée kubwa ya sanaa ya New York ikaonyesha kazi yake ya maisha yote.

Lakini ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umeanza kutetemesha mikono yake. Foto ya mwisho aliipiga mu 1948, ku mawe ya Point Lobos. Toka pale, watoto wake Brett na Cole walimusaidia kutoa foto ku karatasi. Alikufa nyumbani kwake, ku Carmel, tarehe 1 mwezi wa kwanza 1958.

Vijana wetu wenye kutuma foto ku mashindano, wakumbuke hii: meda inaonyesha kile majaji wanapenda leo. Weston alizipata akiwa kijana, lakini foto zenye kukumbukwa ni zile alizofanya kisha kuacha kuwapendeza.