Jigoro Kano, mwalimu aliyeitafutia Tokyo Olimpiki asiyoiona

MELI ya abiria Hikawa Maru ilipotia nanga katika bandari ya Yokohama, Japani, mwanzoni mwa Mei 1938, ilishusha jeneza lililofunikwa bendera ya Olimpiki. Ndani yake ulikuwamo mwili wa Jigoro Kano, mzee wa miaka 77, aliyefariki dunia baharini Mei 4 kwa ugonjwa wa nimonia, ikiwa imebaki safari ya siku mbili tu kufika nyumbani.

Kano alikuwa akirejea kutoka Cairo, Misri. Huko, mbele ya wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), aliitetea Tokyo isinyang'anywe uenyeji wa Michezo ya mwaka 1940. Alifanikiwa. Lakini miezi miwili na siku chache baada ya kifo chake, Julai 15, 1938, serikali ya nchi yake mwenyewe iliamua kuirudisha heshima hiyo aliyoihangaikia kwa miaka kadhaa.

Wengi wanamfahamu marehemu huyo kama baba wa judo. Ni kweli, na sifa hiyo hakuna wa kumpokonya. Hata hivyo, katika uhai wake alikuwa kwanza mwalimu wa shule, na mambo yake mengine yote yalichipuka kutoka katika ualimu.

Alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, kijiji cha pwani ambacho leo ni sehemu ya jiji la Kobe, katika ukoo uliojulikana kwa kutengeneza sake, pombe ya mchele. Alimpoteza mama yake akiwa bado mtoto, kisha baba akamhamishia Tokyo kusoma. Nchi yenyewe ilikuwa katika msukosuko: utawala wa zamani wa kijeshi ulikuwa umeanguka mwaka 1868, samurai wakapoteza vyeo vyao, na kila chenye harufu ya zamani kikaanza kudharauliwa, mapigano ya jadi yakiwamo.

Katika shule ya bweni, kijana huyo mfupi na mwembamba, hodari wa lugha na hesabu, aligeuzwa ngoma ya wakubwa. Alipigwa na kuonewa. Akasikia kuwa ipo sanaa iitwayo jujutsu, inayomwezesha mdogo kumwangusha mkubwa, akaanza kumtafuta wa kumfundisha. Haikuwa kazi rahisi, kwani walimu wengi wa sanaa hiyo walikwishaiacha na kujitafutia riziki kwa kuunga mifupa. Ni kwa muunga mifupa mmoja, Hachinosuke Fukuda, ndiko alikopata mafunzo ya kwanza mwaka 1877, huku akiendelea na masomo yake ya chuo kikuu.

Inasimuliwa kuwa katika darasa hilo alikuwamo mwanafunzi mwenye mwili mkubwa ambaye Kano hakumuweza kabisa. Badala ya kukata tamaa, alikwenda maktaba kusoma vitabu vya mieleka ya Wazungu, akagundua mbinu ya kumbeba mpinzani mabegani na kumzungusha chini. Siku waliyokutana tena, jitu lile lilikwenda chini. Mbinu hiyo bado inafundishwa katika judo hadi leo.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alifungua chuo chake mwenyewe, Kodokan, katika chumba cha majamvi 12 ndani ya hekalu la Kibudha la Eisho, jijini Tokyo. Mwaka wa kwanza alikuwa na wanafunzi tisa tu. Aliondoa mbinu za kuvunja viungo na kuua katika mazoezi ya kushindana, akabakiza kutupa, kupiga mtama, kukaba na kubana, kisha akayapanga yote kwa utaratibu unaoweza kufundishwa darasani. Mkanda mweusi ambao leo watoto wa mjini wanauota, hata wale wa karate, asili yake ni Kodokan.

Juu ya mbinu hizo aliweka misingi miwili: mtu atumie nguvu zake pale zitakapozaa zaidi, na mafanikio ya mmoja yaambatane na manufaa ya mwenzake. Kwake, aliyejua kuangusha watu bila kujua hayo mawili hakuwa na tofauti na mgomvi wa mtaani.

Ualimu ndio uliokuwa ukimpatia mkate. Mwaka 1891 aliongoza shule ya juu huko Kumamoto, na wakati wake ndipo alipoajiriwa pale mwandishi Lafcadio Hearn. Kuanzia mwaka 1893 alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha juu mjini Tokyo na, ukiacha vipindi vifupi vya kukatizwa, alishika nafasi hiyo hadi mwaka 1920. Walimu waliopita mikononi mwake walisambaa katika shule za Japani nzima, wakabeba na michezo.

Jambo moja la kipindi hicho halina budi kukumbukwa, kwa sababu litamrudia uzeeni. Kuanzia mwaka 1896 Kano aliwapokea vijana kutoka China waliopelekwa Japani kusoma, akawafungulia shule maalumu. Maelfu walipita hapo. Mmoja wao alikuwa Lu Xun, ambaye baadaye akawa mwandishi mkubwa wa China ya karne ya 20. Kwa hiyo China kwa Kano haikuwa jina la kwenye ramani tu. Ilikuwa nchi ya wanafunzi wake.

Mlango wa Olimpiki ulifunguliwa mwaka 1909. Baron Pierre de Coubertin, Mfaransa mwasisi wa Michezo ya kisasa, alikuwa akitafuta mjumbe kutoka Asia, na kupitia balozi wa Ufaransa mjini Tokyo jina la Kano likapendekezwa. Akawa Mwasia wa kwanza kuingia IOC. Japani wakati huo haikuwa na hata chama cha kitaifa cha michezo, hivyo mwaka 1911 akakianzisha mwenyewe.

Mwaka uliofuata alisafiri hadi Stockholm, Uswidi, akiongoza timu ya wanamichezo wawili: Yahiko Mishima wa mbio fupi na Shizo Kanakuri wa marathoni. Hawakurudi na medali. Kanakuri alizidiwa na joto katikati ya mbio, akapata hifadhi kwa familia moja ya kando ya njia, kisha akaondoka kimya kimya kurudi kwao bila kuwaarifu waandaaji, ambao walimhesabu kuwa amepotea. Waswidi walimwita tena mwaka 1967, akiwa mzee, akakimbia hadi utepe wa mwisho. Muda wake ulitangazwa kuwa miaka 54, miezi minane na siku sita, bila kusahau saa na dakika zake. Kano hakuwahi kuuona mwisho huo wa kuchekesha, lakini bila shaka ungemfurahisha.

Septemba 1, 1923, tetemeko kubwa la ardhi na moto uliofuata viliiangamiza Tokyo, na zaidi ya watu 100,000 wakapoteza maisha katika jiji hilo na maeneo jirani. Jiji lilijengwa upya kwa kasi. Ilipofika mwaka 1930, Meya Hidejiro Nagata alitaka kuionyesha dunia Tokyo mpya, na lilipomfikia wazo la kuandaa Olimpiki ya 1940 alilikumbatia. Mwaka huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwani kwa hesabu za mapokeo ya Wajapani ungetimiza miaka 2,600 tangu mfalme wao wa kwanza atawale. Mwaka 1932, huko Los Angeles, Kano aliliwasilisha rasmi ombi la jiji lake mbele ya IOC.

Vikwazo vilikuwa vingi. Kutoka Ulaya hadi Tokyo kwa treni ya Siberia zilihitajika takriban wiki mbili, na kwa meli zaidi ya hapo. Wajumbe waliuliza nani atalipa nauli, na jiji likaahidi kuchangia. Hoja ya Kano ilikuwa nyepesi kueleweka: Michezo ilikuwa imefanyika Ulaya na Marekani tu, na kama ni ya dunia nzima basi haina budi kufika Asia. La sivyo, Waasia nao wangekuwa na haki ya kuiona Ulaya kuwa ni mbali mno kwao.

Hoja peke yake haikutosha. Roma ilikuwa mshindani mzito, na mwaka 1935 wajumbe wa Japani walikwenda moja kwa moja kwa Benito Mussolini, ambaye alikubali Italia ijitoe kwa matarajio ya kuungwa mkono mwaka 1944. Ushindi wa Tokyo ulipatikana kwa mizengwe ya kidiplomasia pia, si kwa hoja za haki peke yake, na kikundi cha wazee wa IOC kilichokuwa kikihubiri kutenganisha michezo na siasa kilifumba macho.

Julai 31, 1936, mjini Berlin, kura zilipigwa. Tokyo ilipata 36, Helsinki ya Finland 27. Kano alikuwapo. Baadaye mji wa Sapporo nao ukapewa Michezo ya Majira ya Baridi ya mwaka huohuo.

Maandalizi yalianza kwa mivutano. Kamati ya maandalizi, chini ya Mwanamfalme Iesato Tokugawa, ilitaka uwanja mkuu ujengwe karibu na hekalu la Meiji, lakini walinzi wa eneo hilo takatifu wakakataa. Baada ya malumbano marefu, uwanja ulihamishiwa Komazawa, kwenye ardhi iliyokuwa ya gofu. Uliibuka pia ubishi juu ya mwenge, wengine wakitaka utoke katika maeneo matakatifu ya Japani badala ya Ugiriki. Hata namna Mfalme Hirohito angeyafungua mashindano ilikuwa tatizo, kwa kuwa sauti yake haikuwa ikirushwa redioni kwa raia wake.

Yote hayo yangeweza kupatiwa dawa. Kisichokuwa na dawa kilianza Julai 1937, vita kati ya Japani na China vilipolipuka. Jeshi liliwaondoa maofisa wake waliokuwa wakijiandaa kwa mashindano ya farasi. Chuma kikawa cha silaha, si cha viwanja. Bungeni, mwanasiasa Ichiro Kono alitaka Michezo ifutwe. Nje ya Japani, sauti za kutaka mataifa yasusie ziliongezeka kila habari za mauaji ya raia wa China zilipofika magazetini.

Hapo ndipo mwandishi yeyote wa maisha ya Kano anapopata kigugumizi. Mlezi wa wanafunzi wa China alikwenda Cairo, Machi 1938, kuomba jiji la taifa lililokuwa likiishambulia nchi yao liachiwe sherehe ya amani. Alishikilia kuwa siasa na vita visiiguse michezo. Mtu anaweza kusema alikuwa akipigania daraja la mwisho lililobaki kati ya Japani na dunia, kwani Japani ilikwishajitoa katika Shirikisho la Mataifa mwaka 1933. Mwingine atasema kuwa hekima ya mzee huyo ilitumika kuficha damu, na kwamba msingi wake wa manufaa ya wote ulikuwa ukikanyagwa mchana kweupe. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake.

IOC iliiachia Tokyo Michezo yake. Kano, licha ya umri wake, aliendelea na safari kupitia Ulaya na Marekani akikutana na viongozi wa michezo, kisha akapanda Hikawa Maru kuvuka Bahari ya Pasifiki. Alizikwa Matsudo, mkoani Chiba.

Baada ya Tokyo kujitoa, Helsinki ilikubali kuipokea Michezo. Lakini vita vya Ulaya vilizuka Septemba 1939, Wasovieti wakaivamia Finland mwishoni mwa mwaka huo, na Olimpiki ya 1940 haikufanyika kokote. Mwaka 1945 Tokyo ilikuwa majivu kwa mara ya pili, safari hii kwa mabomu ya Marekani.

Michezo ilifika Tokyo Oktoba 10, 1964. Waziri aliyeisimamia alikuwa Ichiro Kono, yuleyule aliyetaka ile ya awali ifutwe. Komazawa palichezwa voliboli, mieleka na mpira wa magongo. Mhabeshi Abebe Bikila alishinda marathoni kwa mara ya pili mfululizo, na Wilson Kiprugut akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mita 800.

Judo iliingizwa kwa mara ya kwanza mwaka huo, na mashindano yake yakafanyika katika ukumbi mpya wa Budokan. Wajapani walitwaa dhahabu tatu kati ya nne. Ile ya nne, ya uzito wa wazi, waliyoitaka kuliko zote, ilichukuliwa Oktoba 23 na Anton Geesink, jitu la Kiholanzi lililombana Akio Kaminaga juu ya jamvi mbele ya umati ulionyamaza kimya. Mashabiki wa Uholanzi walipotaka kuvamia ulingo kwa furaha, Geesink aliinua mkono kuwazuia, kisha akageuka na kumwinamia mpinzani wake.

Meli Hikawa Maru ilinusurika vitani, na tangu mwaka 1961 imefungwa kando ya bustani ya Yamashita, Yokohama, ambako wageni hulipa kiingilio kuizungukia.