Robert Koch, Malale na Nuru ya Macho ya Wagonjwa wa Ziwa Victoria

Mwaka 1906 wagonjwa wa malale katika Ziwa Victoria walianza kudungwa dawa iliyowarudishia wengi nguvu, lakini ikawapofusha baadhi yao moja kwa moja. Aliyeongoza utafiti huo alikuwa Daktari Robert Koch, Mjerumani aliyekwisha kupata sifa duniani kote kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843 mjini Clausthal. Jicho lilikuwa sehemu ya kazi yake tangu mwanzo. Akiwa daktari wa wilaya, asiye na maabara ya maana, alikuza bakteria wa kimeta katika maji ya jicho la ng'ombe, yale yaliyo mbele ya lenzi, kwa kuwa ni safi na angavu kiasi cha kumwezesha kutazama vimelea vikikua chini ya hadubini. Matokeo yake aliyatangaza mwaka 1876. Mwaka 1883, alipokwenda Misri kuchunguza kipindupindu, aliona pia bakteria wadogo katika usaha wa macho ya wagonjwa.

Jina lake liliingia katika historia ya Kagera mwaka 1898, alipothibitisha kuwa maradhi yaliyoitwa rubunga huko Kiziba yalikuwa tauni. Wakati huo Kiziba, pamoja na Ihangiro ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba, ilisimamiwa kutoka kituo cha Wajerumani cha Bukoba.

Aliporejea mwaka 1906 tatizo lilikuwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Koch alipiga kambi Bugala, katika visiwa vya Sese nchini Uganda, kaskazini mwa Bukoba, ambako watu walikuwa wakifa kwa maelfu. Alitumia atoksili, dawa yenye arseni. Nusu gramu kwa sindano iliondoa vimelea katika tezi za shingo, na wagonjwa waliobebwa kwa machela walianza kutembea. Habari zilienea, wakaja wengi zaidi.

Hata hivyo vimelea vilirudi. Koch akapandisha dozi hadi gramu 1, na hapo madhara yakajitokeza. Arseni iliharibu neva inayopeleka taarifa kutoka retina kwenda kwenye ubongo. Lenzi ilibaki safi na jicho likaonekana zima, lakini mwenye jicho haoni. Wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka kabisa. Koch alirudi kwenye dozi ndogo, wala hakuiacha dawa yenyewe. Ni vigumu kuutetea uamuzi wa kuongeza dozi kwa watu ambao hawakuelezwa hatari yake, ingawa ni kweli pia kwamba malale yasiyotibiwa yaliua.

Ugonjwa ulifika Kiziba pamoja na watu waliotoka kufanya kazi Uganda. Mwaka 1907 kambi ya wagonjwa ilifunguliwa Kigarama, katika himaya ya Mukama Mutahangarwa, chini ya Daktari Robert Kudicke, msaidizi wa Koch. Atoksili ikaendelea kutumika huko. Koch mwenyewe alipendekeza pia mamba waangamizwe, akiamini kuwa damu yao ndiyo iliyolisha mbung'o. Pendekezo hilo halikumaliza malale.

Mwaka huohuo Koch aliondoka Afrika. Nchini Ujerumani, Paul Ehrlich alichambua upya muundo wa atoksili, akitafuta arseni isiyopofusha. Kazi hiyo ilizaa salvarsani, dawa ya kaswende iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Koch alifariki dunia tarehe 27 Mei mwaka huo mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Waliopofuka Sese hawakuona tena.