Dkt. Pearl Primus: Mtunzi wa ngoma aliyezifikisha ngoma za Maziwa Makuu vyuoni Marekani

Mkazi wa Kibondo au Kasulu aliyekulia katika Kiha hahitaji mkalimani anapovuka mpaka kuingia Burundi, na akifika Rwanda hupata taabu kidogo tu. Undugu huo wa lugha umo pia katika ngoma, hasa zile zilizopigwa na kuchezwa mbele ya Mwami, awe wa Heru upande wa Kasulu au wa Muhambwe upande wa Kibondo. Kwa sababu hiyo maisha ya Dkt. Pearl Primus, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, yanawahusu wananchi wa nyanda za juu za Kigoma. Moja ya kazi zake mashuhuri, Impinyuza, ilitokana na ngoma ya wanaume aliyojifunza kwa Watusi wa Maziwa Makuu, majirani wa Waha.

Dkt. Primus alizaliwa Port of Spain, Trinidad, tarehe 29 Novemba, 1919, na akiwa bado mtoto mdogo wazazi wake walihamia New York. Alisoma Chuo cha Hunter na kuhitimu shahada ya baiolojia mwaka 1940, akikusudia kuwa daktari. Maabara za wakati huo hazikumpa kazi kwa sababu ya rangi yake. Alipata ajira katika mpango wa Serikali ya Marekani wa kuwasaidia vijana wasio na kazi, akiwa nyuma ya jukwaa, na siku moja akahitajika kujaza nafasi ya mcheza ngoma. Mwaka 1941 kikundi cha New Dance Group kilimpa ufadhili wa masomo.

Tarehe 14 Februari, 1943 alipanda jukwaani New York kwa mara ya kwanza kama mtunzi wa ngoma zake mwenyewe. Watazamaji walistaajabia miruko yake, ambayo hutajwa kufikia futi 5 kutoka ardhini. Hata hivyo, sifa hizo hazikumtosheleza. Ngoma aliyoiita ya Kiafrika aliitunga kutokana na vitabu, picha na makumbusho, naye alitambua upungufu wake. Vivyo hivyo, alipotaka kucheza maisha ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, mwaka 1944 alikwenda kuishi na wakulima wa huko, akachuma pamba pamoja nao na kuhudhuria ibada katika makanisa yao. Utaratibu huo wa kukaa kwanza na wenye ngoma aliufuata maisha yake yote, na ndio unaomtofautisha na wasanii wengi wa zama zake.

Mfuko wa Rosenwald ulimpa ruzuku mwaka 1948 iliyomwezesha kuja Afrika. Alizunguka Afrika Magharibi na ya Kati, akiwamo Nigeria, Liberia na Kongo, na akafika kwa Watusi katika eneo lililokuwa chini ya Ubelgiji. Wakati huo Heru ilikuwa chini ya Mwami Theresa Ntare, na makao ya watawala wa ukanda mzima yalikuwa bado na wapiga ngoma wao. Ngoma za kifalme za Watusi zilikuwa za wanaume. Inasimuliwa kwamba ilibidi Primus ahesabiwe kuwa mwanamume ndipo afundishwe. Alichokipata ni mwendo wa madaha, kichwa juu, kifua mbele, na mguu unaokanyaga kwa uzito wa mtu anayejua anamwakilisha nani.

Miaka michache baadaye mazingira yaliyoilea ngoma hiyo yalibadilika. Ufalme uliondolewa Rwanda mwaka 1961 na Burundi mwaka 1966, na Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963 katika kujenga taifa moja. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake za msingi, lakini ngoma za makao ya Mwami zilibaki bila mahali pake pa zamani pa kuchezwa, na kuendelea kwake kukategemea kumbukumbu za wazee.

Primus alirejea Afrika, akaongoza kituo cha sanaa za maonyesho mjini Monrovia, Liberia, kuanzia mwaka 1959 pamoja na mumewe, Percival Borde, mcheza ngoma wa Trinidad. Baadaye aligeukia vyuo. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha New York kilimtunuku shahada ya uzamivu kwa utafiti kuhusu vinyago vinavyotumika kuwalea watoto wa Wamano wa Liberia. Hapa inafaa kukumbuka kwamba alikuwa na umri wa karibu miaka 60, na alikuwa mashuhuri tayari bila cheti hicho. Alikitaka kwa sababu katika vyuo vya wakati ule ngoma ya Mwafrika ilionekana kuwa burudani, na yeye alidai ihesabiwe kuwa elimu.

Kuanzia mwaka 1984 alikuwa profesa na msanii mkaazi katika umoja wa vyuo vitano vya Massachusetts, vikiwamo Smith, Mount Holyoke na Amherst. Wanafunzi waliotarajia kuanza na hatua za miguu walianza na maelezo: ngoma ni ya nani, huchezwa lini, na nani haruhusiwi kuicheza. Mwaka 1990 kampuni ya Alvin Ailey ya New York iliirejesha Impinyuza jukwaani, ikichezwa na vijana ambao hawakuwahi kumwona Mwami yeyote. Mwaka uliofuata Rais George H. W. Bush alimkabidhi Nishani ya Taifa ya Sanaa.

Tanzania nayo hufundisha ngoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa. Mzee wa Kasulu anayejua ngoma ya Heru anastahili kiti cha mwalimu mgeni mbele ya wanafunzi hao, hata kama hana shahada.

Dkt. Primus alifariki tarehe 29 Oktoba, 1994 nyumbani kwake New Rochelle, New York. Nyaraka na picha zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina.