Karl Landsteiner, daktari aliyegundua kwa nini damu ya kuongezewa ilikuwa inaua

Leo mgonjwa akihitaji kuongezewa damu, lazima apimwe kundi kwanza: A, B, AB au O. Zamani haikuwa hivyo. Daktari alichukua damu ya mtu yeyote aliyekuwa karibu, akamwekea mgonjwa, kisha wakasubiri. Kuna aliyepata nafuu. Kuna aliyeanza kutetemeka, mgongo ukamuuma, mkojo ukageuka mweusi, akafa. Sababu haikujulikana, na madaktari wengi waliona bora waachane nayo kabisa.

Aliyepata jibu ni Karl Landsteiner, aliyezaliwa Juni 14, 1868 huko Baden, karibu na Vienna, Austria. Baba yake, mwandishi wa habari mwenye jina, alifariki mtoto akiwa na miaka 6 tu, akalelewa na mama. Udaktari alimaliza 1891, halafu badala ya kutibu watu akaenda kusoma kemia Ujerumani na Uswisi.

Aliporudi Vienna, kazi yake ikawa kupasua maiti kutafuta chanzo cha kifo. Katika miaka kama 10 alipasua zaidi ya 3,600. Damu aliichunguza hapo hapo katikati ya shughuli hizo.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kabisa. Alitoa damu yake na ya wenzake kazini, akatenganisha chembe nyekundu na yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikitulia. Kisha akachanganya chembe za huyu na maji ya yule, mmoja baada ya mwingine. Michanganyiko mingine ilitulia tu. Mingine chembe zilishikana mabonge mabonge. Mabonge hayo wengine walishayaona, wakadhani ni dalili ya ugonjwa. Lakini hawa wote walikuwa wazima!

Mwaka 1901 akaandika kwamba damu za watu zina makundi 3: A, B na C, ambalo baadaye liliitwa O. Mwaka uliofuata Decastello na Sturli wakapata la 4, AB. Kumbe damu isiyolingana ikiingia, mwili unazishambulia chembe ngeni, zinashikana na kupasuka.

Ungedhani hospitali zilikimbilia habari hiyo. Wapi! Ilikaa miaka kwenye majarida. Ni 1907 ndipo daktari Reuben Ottenberg wa New York alipoanza kulinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa kabla ya kuongeza.

Vita Kuu ya Kwanza ikaiacha Vienna na njaa. Landsteiner, sasa ana mke na mtoto mdogo, akahamia The Hague, Uholanzi, akawa anapima damu na mikojo kwenye hospitali ndogo. Yaani mtu wa kiwango kile! Miaka ya mwanzo ya 1920 Taasisi ya Rockefeller ya New York ikamchukua. Tuzo ya Nobel ilimfikia 1930, takriban miaka 30 baada ya jaribio lile.

Ameshastaafu, lakini bado haachi maabara. Mwaka 1940 yeye na Alexander Wiener wakatangaza Rh, ile alama ya + au − unayoiona mbele ya kundi lako. Hiyo ikafungua fumbo lingine: kina mama waliojifungua salama mara ya kwanza, kisha watoto waliofuata wakafa. Philip Levine, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha kwamba mama wa Rh− akibeba mtoto wa Rh+, mwili wake unaweza kujifunza kuvunja chembe nyekundu za mtoto.

Juni 24, 1943, siku 10 baada ya kutimiza miaka 75, moyo ulimshika akiwa maabara, kazini. Alifariki siku mbili baadaye. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea, na majeruhi walikuwa wakiongezewa damu iliyopimwa kwa njia yake.