Charles Stokes: alinyongwa Lindi, na mahakama mbili hazikupata mwenye kosa

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1895, muzungu mmoja alinyongwa kwenye muti huko Lindi, katika misitu ya mashariki mwa Congo. Aliyetoa amri alikuwa muzungu mwenzake, Kapiteni Hubert Lothaire, Mubeleji. Kifo hicho kilifika hadi London, Berlin na Brussels.

Charles Henry Stokes alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1852. Alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1878 pamoja na wamisionari wa Kiprotestanti wa Uingereza. Yeye hakuwa pasta, kazi yake ilikuwa kupanga misafara ya wapagazi kutoka pwani kuelekea Ziwa Victoria. Bibi yake wa kwanza alifariki mwaka 1884. Kisha akaoa Limi, mwanamuke wa ukoo wa chifu wa Wanyamwezi. Akaachana na misioni, akawa mufanyabiashara wa meno ya tembo na bunduki. Mwaka 1889 alimusaidia Mwanga, mfalme wa Buganda, kurudia kiti chake.

Wakati ule Congo ilikuwa mali ya Mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Askari wake walikuwa wamepigana na Waarabu na Waswahili juu ya utawala wa mashariki na meno ya tembo. Stokes akaingia huku na musafara mukubwa kutoka eneo la Wajerumani. Lothaire akatuma Luteni Henry kumukamata. Walimukuta ndani ya hema yake, watu wake wengi wakiwa wameenda porini kutafuta chakula.

Huko Lindi, Lothaire aliunda mahakama ya kijeshi palepale. Stokes alishitakiwa kuuzia maadui wa serikali bunduki na baruti: Said Abedi, Kilonga-Longa na Kibonge. Lakini hapakuwa na kitabu cha sheria, hapakuwa na karani wa kuandika PV, na hukumu haikusomwa. Kama raia, Stokes alikuwa na haki ya kukata rufaa. Hakupewa. Kesho yake akanyongwa.

Habari zilipotoka kwenye magazeti ya Uingereza, serikali za Uingereza na Ujerumani zilikasirika. Léopold akalipa faranga 150 000 kwa Uingereza na 100 000 kwa Ujerumani. Lothaire naye akapelekwa mbele ya mahakama huko Boma, zaidi ya kilometa 1 500 kutoka Lindi.

Hapo ndipo ugumu ulionekana. Hakuna aliyekana kama Stokes alinyongwa, wala nani alitoa amri. Lakini kwa kesi ya mauaji, haitoshi parke kuonyesha maiti na mutu aliyeamuru. Inapaswa pia kuhakikisha nia ya mushitakiwa. Na Lindi ile, kesi iliendeshwa bila karani.

Mwezi wa nne 1896, mahakama ya Boma ikamuachilia Lothaire. Kesi ikapanda Brussels, mbele ya mahakama kuu ya Congo. Mwezi wa nane mwaka uleule, nayo ikamuachilia.

Kwa hiyo Stokes alihukumiwa kufa kwa kesi isiyokuwa na karani, na aliyemunyonga akatoka huru. Serikali ya Léopold ikaweka amri ya kukataza mahakama za kijeshi kuwahukumia kifo raia wa Ulaya. Lothaire akarudi Congo kuongoza kampuni ya mpira huko Mongala, mahali ambapo wanakijiji wengi waliteswa na kuuawa.

Lakini tangu siku hizo, watu wengi wa Uingereza walianza kuuliza: kama muzungu ananyongwa hivi, watu wa inchi wenyewe wanatendewa namna gani? Miaka michache baadaye, jibu la swali hilo lilijulikana dunia nzima.