Mzee Madison na walioomba saini

Uzito wa karatasi unaujua. Anayevuka Manyovu na magunia yake anaujua, na aliyerudi kutoka kambini na bahasha ya plastiki kifuani anaujua zaidi. Ndiyo maana leo nimemchagua James Madison wa Marekani, mzee ambaye miaka yake ya mwisho ililiwa na karatasi na watu waliozitaka.

Alizaliwa Virginia mwaka 1751. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye sauti ndogo, lakini katika mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1787, ulioandika katiba ya nchi yake, ndiye aliyekaa karibu na mbele akiandika siku hadi siku waliyosema wenzake. Alikuwa rais wa 4, kuanzia 1809 hadi 1817. Mwaka 1814, akiwa madarakani, Waingereza waliingia mji wa Washington na kuichoma Ikulu. Kabla hawajafika, karani wa serikali, Stephen Pleasonton, alikuwa ameshatia nyaraka za taifa katika mifuko ya kitani, Tangazo la Uhuru likiwemo, na kuzisafirisha kwa mikokoteni hadi Leesburg. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Kumbe hata serikali ikikimbia hubeba karatasi kama sisi.

Alipostaafu alirudi kwenye shamba lake la Montpelier. Huko, mtu aliyeandika sana juu ya uhuru aliendelea kumiliki watumwa wapatao 100, na alikufa bila kuwaacha huru. Hilo nalisema wazi, maana wanaomsifu hupenda kulipita haraka.

Posta ilimletea barua bila kukoma. Baadhi zilitoka kwa watu wa aina mpya, wakusanyaji wa saini za watu mashuhuri. Hawakutaka nakala. Walitaka karatasi yenyewe, iliyoguswa na mkono wa marehemu. Mmoja wao alikuwa mchungaji William Sprague. Akiwa kijana aliyemaliza chuo cha Yale mwaka 1815, alikwenda Virginia kufundisha katika familia ya mpwa wa George Washington. Kupitia jamaa hao alipata ruhusa ya kuchukua barua katika hazina ya Washington, mradi aache nakala mahali pake. Alichukua kama 1,500! Mwingine ni Israel Tefft, mtu wa benki wa Savannah, aliyemwandikia Madison mwaka 1830.

Lengo lao kubwa lilikuwa kupata saini za watu wote 56 waliotia sahihi Tangazo la Uhuru. Iliyowatesa zaidi ni ya Button Gwinnett wa Georgia, aliyefariki mwaka 1777 kwa jeraha la kupigana bastola, hata mwaka haujaisha tangu atie sahihi. Madison mwenyewe hakusaini Tangazo hilo, lakini mafaili yake yalijaa barua za wenzake, na wengi walikuwa wameshakufa. Waombaji aliwajibu kwa adabu, na barua za marehemu zikawa zinatoka Montpelier moja moja.

Wakati huohuo mzee alikuwa akizikusanya barua zake mwenyewe. Alizirudisha kutoka kwa familia za marafiki waliofariki, akazipanga, na mahali pengine akabadilisha maneno aliyoyaandika ujanani. Barua za wenzake alizitoa, zake alizitengeneza. Simlaumu sana, ila mwalimu wa historia hawezi kulinyamazia.

Linaloniuma ni la Jared Sparks, mhariri wa barua za Washington. Alikuta rasimu ya hotuba ya kwanza ya urais ya Washington, kurasa zaidi ya 60 kwa mkono wake mwenyewe, ambayo haikuwahi kusomwa. Mwaka 1827 alimwomba Madison ushauri, naye Madison akaona isichapishwe. Hotuba fupi iliyosomwa mwaka 1789 alikuwa ameiandika Madison huyohuyo. Sparks alikubali. Kisha akachukua ile rasimu, akaikata vipande na kuwagawia walioomba mwandiko wa Washington. Wataalamu wameokota baadhi ya vipande. Rasimu nzima haijapatikana tena.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, na nikiwa darasa la 5 alikuja mgeni aliyekusanya karatasi za kale za nchi yetu. Baba alikuwa na barua ya mwaka 1968, mwandiko wa babu, iliyotaja mipaka ya shamba letu hadi kwenye mwerezi na kijito. Mgeni aliisifu mno. Baba, kwa heshima ya mgeni, akampa. Tuliporudi mwaka 2008 tukaulizwa ushahidi, baba akawa anaisoma ile barua kwa kichwa, mstari kwa mstari, mbele ya wazee. Tulipewa nusu ya shamba. Huenda barua ile imetunzwa vizuri mahali fulani, pakavu kuliko sanduku letu la bati. Sijui nimshukuru mgeni yule au nimlaani.

Turudi Montpelier. Baridi yabisi iliukunja mkono wa Madison, mwandiko wake ukazidi kuwa mdogo, na barua nyingi akawa anamwambia mkewe Dolley au shemeji yake aziandike. Maandishi yake ya mkutano wa 1787 hakuyagawa. Aliyafungia mpaka afe, ili yamsaidie mjane, na mwaka 1837 Bunge la Marekani liliyanunua kwa dola 30,000. Hata hivyo Dolley aliishia katika umaskini, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya madeni ya mwanawe, na mwaka 1844 Montpelier iliuzwa. Paul Jennings, aliyekuwa mtumwa wao, baadaye alimsaidia mama huyo kwa fedha za mfukoni mwake.

Tarehe 27 Juni 1836 Madison aliweka sahihi yake kwenye barua ya kumshukuru George Tucker, aliyemtabarukia kitabu chake cha maisha ya Jefferson. Herufi zilitetemeka. Kesho yake asubuhi alifariki mbele ya kifungua kinywa chake, akiwa na miaka 85, wa mwisho kati ya wote waliokaa katika mkutano wa Philadelphia.