Mtakatifu Vincent de Paul na Chakula cha Wagonjwa

Vincent de Paul alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, kusini ya nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, wala hawakuwa na mali nyingi. Alipokuwa mtoto, Vincent alichunga kondoo na nguruwe wa baba yake. Baba aliona kwamba mwanawe ana akili, akataka asome. Lakini masomo yalidai fedha. Basi baba akauza ng'ombe wawili waliokuwa wakivuta jembe lake, ili mwanawe aendelee na masomo. Hivyo tangu ujana wake Vincent alijua kwamba kitu kinachotolewa na masikini kina thamani kubwa, nacho hakifai kupotezwa bure.

Vincent alipewa upadri mwaka 1600. Mwaka 1617 akatumwa kuwa padri mkubwa wa parokia ya Châtillon, mji mdogo wa Ufaransa.

Dominika moja ya mwezi wa Agosti, Vincent alikuwa akivaa mavazi ya Misa. Mama mmoja akaja kumpasha habari ya huzuni. Katika nyumba moja, mbali kidogo na mji, watu wote walikuwa wagonjwa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuchota maji wala kupika chakula cha wenzake. Walikuwa masikini, na hapakuwa na mtu wa kuwasaidia.

Vincent akaingia kanisani, na katika mahubiri yake akawaeleza wakristu shida ya jamaa hiyo. Mioyo yao ikaguswa sana.

Baada ya sala za mchana, Vincent naye akashika njia kwenda kuwatazama wagonjwa. Akashangaa! Njia ilikuwa imejaa wanawake, kama siku ya maandamano. Wengine walikuwa wakienda, wengine wakirudi. Jua lilikuwa kali, na wengine walikuwa wameketi kando ya njia kupumzika. Vincent akafika katika nyumba ile, akawapa wagonjwa Sakramenti. Akaona pia chakula kingi mno kilicholetwa.

Vincent akafurahi kwa sababu ya mapendo ya watu wake. Lakini akafikiri pia. Leo wagonjwa hawa wana chakula kuliko wanavyoweza kula. Sehemu yake itaoza. Kesho watu watakuwa wamesahau, na wagonjwa watarudia njaa yao. Mapendo yalikuwako, mpango ndio uliokosekana.

Vincent hakuwakemea wanawake wale. Siku tatu baadaye, tarehe 23 Agosti, aliwakusanya wale waliokuwa tayari, akawashauri wagawane siku. Leo mmoja apike na kuwapelekea wagonjwa chakula, kesho mwingine, na keshokutwa mwingine tena. Kisha akawaandikia sheria za chama chao, Chama cha Mapendo. Chama hicho kilianzishwa rasmi tarehe 8 Desemba 1617.

Sheria hizo zilikuwa za akili sana. Wanawake walichagua mkubwa wao na mtunza fedha. Fedha ziliwekwa katika sanduku lenye kufuli mbili, na funguo hazikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kila mwaka mtunza fedha alitoa hesabu: fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Kwa nini? Kwa sababu fedha zile hazikuwa zake. Zilikuwa fedha za Mungu kwa ajili ya masikini, naye alikuwa msimamizi tu.

Tena Vincent alifundisha namna ya kumhudumia mgonjwa. Mwanamke atandike kitambaa safi, amnawishe mgonjwa mikono, asali pamoja naye, ndipo ampe chakula. Aanze na wale wenye mtu wa kukaa nao. Wale walio peke yao awafikie mwisho, apate nafasi ya kukaa nao zaidi. Maana mgonjwa aliye peke yake ana njaa mbili: njaa ya chakula, na njaa ya kuwa na mwenzake.

Kabla ya mwaka ule kwisha, Vincent aliondoka Châtillon. Lakini kazi haikuondoka pamoja naye. Wakristu wenyewe waliishika, na vyama vya namna hiyo vikaanzishwa katika parokia nyingine nyingi. Mwaka 1633, Vincent na Louise de Marillac walianzisha shirika la masista, Mabinti wa Mapendo, wahudumie masikini na wagonjwa.

Vincent alikufa mjini Paris tarehe 27 Septemba 1660. Mwaka 1737 Baba Mtakatifu alimtangaza kuwa mtakatifu.

Watoto, katika parokia wakristu huleta sadaka: mmoja mayai, mwingine mahindi au muhogo, mwingine fedha kidogo, mwingine nguvu za mikono yake. Kutoa ni vema. Kutunza kilichotolewa ni vema vilevile. Anayeacha mahindi ya sadaka yaliwe na panya, amemnyima masikini chakula. Anayetunza vizuri na kutoa hesabu ya kweli, amemlisha masikini, hata kama mkono wake haukushika chungu.

Maswali
1. Baba yake Vincent aliuza nini, na kwa sababu gani?
2. Vincent aliona nini njiani Dominika ile? Kwa nini alifurahi, na kwa nini alifikiri?
3. Kwa nini sanduku la fedha lilikuwa na kufuli mbili?
4. Katika parokia yenu, ni vitu gani vinavyotakiwa kutunzwa? Wewe waweza kutunza kitu gani?